KUZIMA KOMPYUTA SI KUZIMA TAA

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma hili katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa, kama ilivyo desturi, kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia na wale wanaopenda kuyahifadhi.



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo linalofanyika kila jioni katika ofisi zetu, na ambalo wengi wetu hatulifikirii hata kidogo. Jambo lenyewe ni kuzima kompyuta. Najua utasema: kuzima kompyuta nako kunahitaji mazungumzo ya redio? Si mtu unabonyeza tu, unachukua mkoba wako, unawahi basi? Ndivyo nilivyodhani hata mimi, mpaka siku nilipoona mama mmoja anageuzwa mdaiwa mbele ya watu kwa sababu ya kompyuta iliyozimwa vibaya.

Nitakueleza kisa chenyewe, halafu nitakueleza kilichokuwa kikitokea ndani ya mashine, na namna fundi alivyokitengeneza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya chama kimoja kidogo cha kuweka na kukopa. Ofisi yetu ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele alikaa karani na kompyuta yake, akipokea marejesho na kuandika stakabadhi. Chumba cha nyuma, kilichofungwa kwa kufuli, ilikaa kompyuta ya pili, ile ambayo mafundi huiita seva. Ndani ya hiyo ndimo lilimokuwa daftari la wanachama wote. Karani hakuingia chumba hicho. Kompyuta yake ilisoma na kuandika daftari hilo kwa njia ya waya wa mtandao uliopita ukutani. Mashine zote mbili zilitumia mfumo wa Linux, ambao haulipiwi leseni, na sisi fedha za leseni hatukuwa nazo.

Sasa kompyuta ya karani ilikuwa na tabia moja mbaya. Kila jioni akiiamuru izime, ilianza vizuri. Maandishi yalipita kwenye kioo, mstari baada ya mstari, kisha yakasimama. Hapo ikaganda. Dakika tano, dakika kumi, haizimi. Karani alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili akamwita kijana mmoja wa jirani anayejua kompyuta, naye akamwambia: "Dada, ikiganda usijisumbue. Shikilia kitufe cha umeme mpaka ife." Basi hiyo ikawa ndiyo desturi ya kufunga ofisi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa asubuhi mashine iliwaka na kazi ikaendelea.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi foleni ilikuwa ndefu. Wa mwisho alikuwa mama mmoja muuza samaki, aliyeingia mlango ukiwa umeshafungwa nusu. Akalipa rejesho lake, akapewa stakabadhi, akashukuru, akaondoka. Karani akaliingiza rejesho lile katika kompyuta, na papo hapo akaiamuru mashine izime. Ikaganda kama kawaida yake. Akashikilia kitufe.

Wiki mbili baadaye yule mama alirudi kuomba mkopo mwingine. Karani akatazama kwenye kioo, akasema: "Shikamoo mama. Samahani, hapa naona rejesho la mwezi uliopita hujaleta."

"Marahaba. Sijaleta vipi, mwanangu? Nilikupa wewe mwenyewe, hapo hapo ulipokaa."

"Kompyuta haina malipo hayo, mama."

Watu kwenye foleni wakaanza kutazamana. Unajua, ndugu msikilizaji, namna neno "mdaiwa" linavyotembea sokoni. Bahati nzuri mama yule alikuwa mtu wa mpango. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa stakabadhi ikiwa imekunjwa mara nne, na saini ya karani juu yake. Hapo ndipo ilipokumbukwa kwamba siku ile ya mwisho wa mwezi sanduku la fedha lilizidi, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Fedha zilikuwapo, stakabadhi ilikuwapo, ila daftari ndilo lililokuwa halijui lolote.

Kamati ilikutana usiku uleule. Wengine walimtuhumu karani. Wengine walisema kompyuta ni balaa, turudi kwenye daftari la karatasi. Mwishowe mwenyekiti akasema tumwite fundi mwenye uzoefu kabla hatujamhukumu mtu. Lilikuwa neno la busara, maana bila hilo tungemfukuza kazi mtu asiye na hatia.

Kabla sijaeleza alichokikuta fundi huyo, inafaa tuelewe mambo mawili.

La kwanza ni hili. Unapoiambia kompyuta "hifadhi", na yenyewe ikakujibu "tayari", mara nyingi maandishi yako bado hayajafika kwenye diski. Yamewekwa kwanza katika kumbukumbu ya umeme, ile ambayo umeme ukikatika hufutika yote. Kompyuta hufanya hivyo kwa sababu diski ni nzito, na kumbukumbu ni nyepesi. Ni kama karani wa ghala anayeandika mizigo kwenye kipande cha karatasi wakati malori yanaingia, kisha malori yakipungua anahamishia yote katika daftari kubwa. Linux huyahamisha maandishi hayo kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida nusu dakika hivi. Ni muda mdogo, lakini mtu akichomoa waya ndani ya nusu dakika hiyo, kile kipande cha karatasi kimekwenda na upepo.

La pili ni habari ya kupachika na kupachua. Mfumo wa Unix, ambao ndio babu wa Linux, ulianza mwaka 1969 huko Marekani, katika maabara za Bell, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Katika mifumo hii faili zote hukaa katika mti mmoja wenye shina moja na matawi mengi. Ukileta diski mpya, hupewi mti mpya. Diski ile hupachikwa kwenye tawi mojawapo la mti uliopo, na tangu hapo huonekana kama sehemu ya mti uleule. Hata diski iliyo ndani ya kompyuta nyingine, chumba kingine, inaweza kupachikwa kwa kupitia mtandao. Njia moja maarufu ya kufanya hivyo huitwa NFS, na ilitengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984.

Kilichopachikwa sharti kipachuliwe kabla umeme haujakatwa. Kupachua ndiko kunakoilazimisha kompyuta ihamishe vile vipande vya karatasi vyote katika daftari kubwa, ilifunge daftari, na iweke alama kwamba limefungwa salama. Amri inayofanya kazi hiyo huitwa umount. Amri hii ina adabu yake: haikubali kupachua diski ambayo bado inatumika. Kama kuna programu iliyofungua faili humo, au hata programu iliyosimama tu ndani ya folda mojawapo, umount hukataa na kujibu kwamba diski ina shughuli.

Nani basi hutoa amri hizi jioni, wakati mtu amebonyeza tu "zima"? Ni skripti ya kuzima, yaani orodha ya maagizo ambayo mashine huyafuata moja baada ya moja. Mfano wake ni mwenye duka anayefunga jioni. Kwanza hupunga mkono kwa wateja kwamba tunafunga. Aliyechelewa kutoka huombwa kwa sauti kubwa zaidi. Kisha hufungwa stoo ya ndani, halafu mlango wa katikati, halafu mlango wa nje, na taa huzimwa mwisho. Akianza na taa, atajikwaa gizani. Akianza na mlango wa nje, amejifungia mwenyewe ndani.

Sasa turudi kwa fundi wetu.

Fundi huyu hakuanza kwa kufungua mashine wala kwa kuomba fedha za vipuri. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti, akaitazama mashine ikizimwa. Ikaganda. Akaandika katika kijitabu chake mstari wa mwisho uliobaki kwenye kioo. Kesho yake asubuhi akaisoma skripti ya kuzima, ambayo ilikuwa imetungwa kwa mkono na fundi aliyetangulia. Jambo la kwanza alilolibadilisha halikuwa dawa. Aliondoa sehemu iliyokuwa ikitupa malalamiko ya mashine mahali yasikoonekana. Fundi wa kwanza hakupenda kioo kichafuke kwa maneno ya makosa, kwa hiyo aliagiza makosa yote yamwagwe katika shimo. Mashine ilikuwa ikisema kila jioni kwamba imeshindwa, lakini hatukuwa tukisikia.

Baada ya kuyarudisha malalamiko yale, aliendesha skripti hatua moja moja kwa mkono, mchana, kazi ikiwa imesimamishwa. Akaona kwamba kati ya diski zilizopachikwa, tatu hazipachuliwi. Ya kwanza ni ile ya mtandao, yenye daftari la wanachama. Ya pili ni diski ya ndani yenye fomu na barua. Ya tatu ni diski ndogo ya nje ya kuwekea nakala za akiba, ambayo ilipachikwa kwenye folda iliyomo ndani ya ile diski ya pili. Folda hiyo ilipewa jina la maneno matatu: Nakala za Jioni.

Tuanze na ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomla mama wa watu rejesho lake.

Skripti ilikuwa imepangwa hivi: zima mtandao, kisha ziambie programu zifunge, kisha pachua diski. Huenda aliyeipanga aliona mtandao ni kitu cha nje, kwa hiyo utangulie kuzimwa. Lakini fikiri, ndugu msikilizaji. Daftari liko chumba cha nyuma, na njia ya kulifikia ni ule waya wa ukutani. Ukiikata njia kwanza, programu ikiambiwa ifunge na kuandika maneno yake ya mwisho, itayapitishia wapi? Amri ya kupachua nayo ikaanza kumngoja seva ajibu, na seva hasikii, kwa kuwa njia imekatwa. Diski ya mtandao ikipachikwa kwa namna ya kawaida hungoja bila kikomo. Ndiyo maana mashine iliganda. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imeshika rejesho la mama mkononi, inabisha hodi kwenye mlango ambao sisi wenyewe tumeuziba. Na kila jioni tulimaliza ubishi huo kwa kushikilia kitufe cha umeme.

Dawa yake ilikuwa kubadilisha mpangilio. Kwanza ziambie programu zifunge, uzipe sekunde chache. Zilizobaki uzilazimishe. Pachua diski za mtandao wakati mtandao ungali hai. Ndipo uzime mtandao. Kisha pachua diski za ndani. Mwisho kabisa ni shina la mti, ambalo haliwezi kupachuliwa kwa sababu mashine imesimama juu yake; hilo hugeuzwa kuwa la kusoma tu, lisiandikwe tena, kisha umeme hukatwa. Kosa hili la kuzima mtandao kabla ya diski zake ni kosa la zamani sana, na hata leo mashine zinazotumia mtandao usio na waya huliangukia mara kwa mara.

Diski ya pili ilikuwa na mzungu wake. Umount ilikataa ikisema diski ina shughuli. Fundi akatumia amri mbili ambazo kila fundi wa Linux anapaswa kuzijua, fuser na lsof. Hizi huonyesha ni programu gani iliyoshika faili katika diski fulani. Kwa kawaida hapo ndipo mwizi hukamatwa: utakuta programu ya kunakili, au dirisha la amri ambalo mtu alilisahau ndani ya folda. Unaifunga, unapachua, kazi imekwisha. Lakini safari hii amri zote mbili zilijibu kwamba hakuna mtu. Chumba kitupu, na mlango haufungi!

Fundi akatabasamu, akasema: "Kama ndani hakuna mtu, basi kuna mlango mwingine wa ndani ulio wazi." Na kweli. Ile diski ndogo ya nakala ilikuwa imepachikwa juu ya folda ya diski hii. Huwezi kung'oa tawi kubwa wakati tawi dogo limepachikwa juu yake. Sharti dogo litangulie. Kwa hiyo diski ya pili haikuwa na kosa lolote la kwake. Ilikuwa ikilipa deni la diski ya tatu.

Na diski ya tatu kwa nini haikupachuliwa? Hapa ndipo penye ujanja wa kweli. Skripti ilikuwa ikisoma orodha ya diski kutoka kwa kiini cha mfumo, kile ambacho mafundi hukiita kerneli. Katika orodha hiyo kila mstari ni diski moja, na maneno ya mstari hutengwa kwa nafasi. Sasa jina likiwa na nafasi ndani yake, kama Nakala za Jioni, msomaji angedhani ni maneno matatu tofauti. Ili kuzuia hilo, kerneli huandika kila nafasi iliyo ndani ya jina kwa alama: mkwaju unaolalia nyuma, ukifuatwa na tarakimu 040. Skripti yetu haikujua desturi hiyo. Ilipousoma mstari, iliumeza ule mkwaju, ikabaki na tarakimu. Basi kila jioni ilikuwa ikitafuta folda iitwayo Nakala040za040Jioni. Folda hiyo haikuwapo duniani. Skripti ikapewa jibu kwamba hakuna kitu kama hicho, jibu likamwagwa shimoni, skripti ikasonga mbele.

Unaona namna kosa moja linavyozaa jingine? Nafasi mbili katika jina la folda zimeacha diski mbili wazi kila usiku, kwa miezi.

Fundi alirekebisha mambo mawili hapo. Kwanza aliifundisha skripti kusoma jina kama lilivyo, bila kumeza mkwaju, na kuzirudisha zile tarakimu kuwa nafasi. Pili, aliigeuza orodha isomwe kuanzia chini kwenda juu. Maana kerneli huorodhesha diski kwa kadiri zilivyopachikwa, ya nje kwanza na ya ndani baadaye. Ukipachua kwa mpangilio uleule utaanza na mlango wa nje, na utakataliwa tena. Angetengeneza jina peke yake bila kugeuza orodha, diski ya tatu ingetoka, lakini ya pili ingebaki vilevile, naye angeapa kwamba dawa haikufanya kazi.

Mjumbe mmoja wa kamati, mzee ambaye alikuwa akisikiliza kwa makini, akauliza: "Sasa mwanangu, kama mashine inakataa kupachua, si kuna amri ya kuilazimisha?"

"Ipo, mzee wangu," fundi akajibu. "Tena ziko mbili. Lakini hizo ni kama kuvunja kufuli la nyumba yako mwenyewe kwa kuwa umesahau ufunguo uliko."

Alikuwa na haki. Amri ya kwanza ni ya kupachua kwa nguvu. Ilikusudiwa hasa kwa diski ya mtandao ambayo seva yake imekufa na hairudi, na maandishi yaliyokuwa yakingoja yanaweza kupotea. Amri ya pili ni ya kupachua kwa uvivu. Hii huliondoa jina la diski kwenye mti papo hapo, mtu akadhani mambo yamekwisha, kumbe diski yenyewe bado imeshikwa kwa siri mpaka aliyeishika aiachie. Ukikata umeme kabla hajaiachia, hasara ni ileile, ila sasa hata lawama huioni. Fundi anayezitia amri hizi ndani ya skripti ili kioo kionekane safi hajatibu ugonjwa. Amemziba mgonjwa mdomo.

Huenda msikilizaji mmoja anayejua mambo haya atasema kwamba diski za siku hizi zina kinga. Ni kweli. Tangu mwaka 2001 Linux ilipopokea mfumo wa faili uitwao ext3, na baadaye ext4 mwaka 2008, kompyuta huweka kumbukumbu ya kila badiliko la mpangilio wa faili kabla ya kulifanya. Umeme ukikatika, ikiwashwa tena huisoma kumbukumbu hiyo na kujirekebisha kwa muda mfupi, badala ya kukagua diski nzima kwa saa nzima kama zamani. Lakini tuelewane vizuri. Kinga hiyo, kwa kawaida yake, hulinda mpangilio wa faili. Haiahidi kurudisha maneno ambayo hayakufika kwenye diski. Kabati litasimama wima na milango yake itafunga. Karatasi ambayo hukuiweka kabatini haitajikuta humo.

Vilevile mashine nyingi za Linux leo hazitumii tena skripti za mtindo wa zamani. Mwaka 2010 ulitokea mfumo uitwao systemd, na kufikia mwaka 2015 hata Debian, mojawapo ya matoleo makongwe ya Linux, ulikuwa umeufanya kuwa mfumo wake wa kawaida. Huu hupanga wenyewe nani afungwe kabla ya nani. Hujua kwamba diski ya mtandao ipachuliwe mtandao ungali hai, na kwamba ya ndani itangulie ya nje. Programu ikikataa kufunga, kwa kawaida huipa sekunde 90, kisha huilazimisha. Kwa hiyo fundi mwenye mashine ya siku hizi namshauri asitunge skripti yake mwenyewe mahali ambapo mfumo una njia yake. Aziandike diski katika orodha rasmi ya mfumo, faili iitwayo fstab, na ile ya mtandao aitambulishe kuwa ni ya mtandao. Skripti ya nyumbani huingia matatani pale inapodhani kwamba inajua mambo ambayo mfumo unayajua vizuri zaidi.

Lakini hata systemd haiwezi kumsaidia anayeshikilia kitufe. Zile sekunde 90 wengi huziona kama kuganda. Kioo kinaandika kwamba kuna kazi inangojwa ifunge, mtu anatazama saa, basi linaondoka, anakata umeme. Kumbe kioo kilikuwa kikimtajia jina la anayechelewesha! Hilo ndilo jina la kuandika kwenye kijitabu na kumpa fundi kesho yake.

Sasa wewe uliye mbali na Linux, usiseme mazungumzo haya hayakuhusu. Flashi unayochomoa haraka katika kompyuta ya duka la uchapaji, bila kuiambia mashine kwamba unaiondoa, ni jambo lilelile. Umeichomoa bila kuipachua. Barua yako ya maombi ya kazi ikifika kwa mwajiri ikiwa ukurasa mtupu, usimlaumu mwenye duka. Na kama ofisi yako iko mahali ambapo umeme hukatika bila hodi, betri ile ndogo ya akiba inayokaa chini ya meza haikuwekwa ili umalizie kuandika barua. Kazi yake ni kukupa dakika za kuzima kwa utaratibu.

Kwa wenye ofisi nina neno moja zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine inayokataa kuzima kila jioni ni ufa. Inakwambia kwamba kuna kitu hakijafungwa. Ukikuta wafanyakazi wako wamezoea kukata umeme, usiwagombeze kwanza. Uliza ni nani aliyewafundisha, na ni kwa nini hapakuitwa fundi. Na fundi akija, usimpime kwa haraka yake. Mwulize maswali matatu: ni diski gani haikufunga, ni nani aliyekuwa ameishika, na umejuaje? Akijibu kwamba ameilazimisha tu na sasa inazima vizuri, mwambie aketi tena.

Kwetu sisi mambo yalikwisha salama. Rejesho la mama liliingizwa kwa tarehe yake ya kweli, na mkopo akapewa. Kamati ilimwomba radhi mbele ya wanachama, na ikamwomba radhi karani pia, kwa sababu kwa wiki nzima kulikuwa na watu waliomtazama kama mwizi. Fundi alikaa jioni mbili zaidi akiangalia mashine ikizimwa. Jioni ya kwanza ilizima kwa muda usiofika dakika moja. Karani alisimama karibu, mkono wake umeshaelekea kwenye kitufe kwa mazoea, akaurudisha.

Mwenyekiti aliamuru karatasi ibandikwe ukutani juu ya kompyuta ile, nayo iko pale hadi siku niliyotoka katika kamati. Iliandikwa hivi: "Ikikawia kuzima, soma inachosema. Usiguse kitufe. Mwite fundi."

Na chini yake, kwa mwandiko wa karani mwenyewe: "Mpe mteja stakabadhi, kila mara."

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.